Nimejaribu Axio haibridi hapa Dodoma: kimya chake kimenikosha, ila vijiti vya betri vinashuka kama maji ya ndoo iliyotoboka. Wazoefu njooni

#1 Kisasa Juu

Wakuu, mbukwenyi.

Natumia Premio, namba C, na kila siku ya kazi natoka Kisasa kwenda ofisini Mtumba, mji wa serikali, na kurudi, ukiongeza kupeleka watoto shule napiga kama kilomita 40. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya za mafuta nashika kichwa. Nikaanza kuwaza haibridi, gari yenye injini na mota ya umeme pamoja.

Jumamosi nimeenda yadi moja barabara ya Dar, mimi na mama watoto. Ipo Toyota Axio Hybrid ya 2014, cc 1,500, dashibodi inasoma kilomita 68,000, wanataka milioni 22. Dalali akaniachia usukani, yeye akakaa mbele kushoto, mke wangu nyuma.

Kichekesho cha kwanza: nimekanyaga breki, nikabonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Dalali akacheka, "Bosi umeizima. Ilishawaka mara ya kwanza, angalia taa ya READY." Nikarudia, nikaweka D, gari ikaanza kutembea na sauti pekee ni kokoto zinazosagika chini ya tairi. Getini kuna mzee anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji, hakugeuka kabisa mpaka nikapiga honi.

Injini iliwaka tukiwa karibu na kipilefti. Sikushtuka, ilikuwa kama mtu kavuta kiti chumba cha pili. Breki ndiyo ngeni kwangu: unakanyaga laini, gari inapungua vizuri, halafu mita mbili za mwisho kama mguu unanata. Kuovateki lori karibu na Ihumwa, nimekanyaga mpaka chini, sauti ikatangulia, mwendo ukafuata baadaye. Sio mbio, ila imepita. Kwenye kioo ikawa inasoma kilomita 21.4 kwa lita. Premio yangu nikijitahidi sana ni 11.

Sasa tatizo. Tukarudi, mama watoto akanunua vitu vyake barabarani, tukapandisha kilima cha chuo kikuu, UDOM. Tulianza na vijiti sita vya chaji ya betri kwenye kioo. Kabla hatujamaliza kilima viko viwili, na nyuma kukaanza kuvuma feni. Mke wangu akauliza, "Hicho kinacholia hapa miguuni ni nini?" Dalali akasema ni kiyoyozi. Tukasimama juu pale, injini ikabaki inanguruma peke yake dakika nzima na zaidi, vijiti vikapanda hadi vitano. Tukashuka, vikajaa. Tukapanda kidogo tena, vikaanguka tena.

Hii betri ni mgonjwa, au ndivyo zilivyo? Nina hela ya gari, sina hela ya gari na betri.

#2 Tindo

Uzi wa gari bila picha ni chai.

#3 Fundi Kompresa

Mkuu Kisasa Juu, dalali kakudanganya, hiyo sio feni ya kiyoyozi. Axio betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na inapoozwa kwa hewa ya humo humo ndani mnamokaa. Angalia pembeni ya kiti cha nyuma kuna wavu wa plastiki, hapo ndipo inapovutia hewa. Betri ikipata joto feni inaongeza kasi, ndio uvumaji aliousikia shemeji.

Mimi nakuambia ni vumbi. Nimewahi kufungua Aqua ya jamaa wa Nkuhungu, feni imevaa vumbi na nywele za mbwa kama soksi. Nilisafisha kwa brashi ya rangi na kupuliza kwa upepo, kelele zikaisha na vijiti vikatulia. Kazi ya saa moja na nusu. Kabla hujakata tamaa waambie wafungue hapo.

#4 Zabibu Mbichi

Samahani kwa swali la kijinga, hizi unachomeka nyumbani usiku? Maana na huu umeme wetu...

#5 Nusu Tenki

#4 hapana dada/kaka. Hiyo ya kuchomeka ni aina nyingine. Axio inajichaji yenyewe: injini inazalisha, na ukikanyaga breki au ukiachia mafuta kwenye mteremko mota inageuka jenereta. Ndio maana mleta uzi anasema breki inanata. Mwanzo anasimamishwa na mota, mwishoni zinaingia breki zenyewe za pedi. Utazoea ndani ya wiki, halafu ukipanda gari ya kawaida utaona haishiki.

#6 Crown ni Dini

Milioni 22 ununue Axio? Ongeza hela chukua Crown haibridi ukae kama mheshimiwa. Mtumba pale ukishuka na Axio mlinzi anakuuliza unaenda kwa nani.

#7 Nusu Tenki

Hahaha #6 kila uzi lazima uje. Crown ya 2013 kuendelea hiyo ni cc 2,500, ushuru wa bidhaa wa gari iliyovuka cc 2,000 uko juu kuliko wa cc 1,500, na ikizidi umri unabanwa tena kwa uchakavu. Mtu kaja analia na wese wewe unampeleka kwenye kiti cha ngozi.

#8 Mzee wa Chesisi

Niwe mkweli, mimi siwezi kununua haibridi. Kwanza gia boksi yake ni ya mkanda, CVT, ukikatika umekwisha. Pili betri za lithiamu zinalipuka kwenye joto, na Dodoma mwezi wa kumi jua linakaanga mayai. Tatu alteneta yake bei mbaya. Mtu asikudanganye.

#9 Volti 144

Mzee wa Chesisi kwa heshima zote, yote matatu umeteleza.

Moja, haibridi za Toyota za aina hii hazitumii mkanda. Wanaiita CVT kwa sababu mwendo unapanda bila kubadilisha gia, lakini ndani kuna mota mbili na seti ya gia ndogo zinazozunguka gia ya kati. Hakuna mkanda, hakuna klachi ya kuungua. Ni moja ya gia boksi zinazodumu kuliko zote ninazozijua. Ile sauti kutangulia mwendo aliyoisema mleta uzi inatokana na hapo, injini inapewa mzunguko inaoutaka, hailazimiki kufuata matairi.

Mbili, betri ya Axio hii ni ya nikeli, sio lithiamu. Vipande 20, kila kimoja volti 7.2, jumla 144. Ndio jina langu hilo.

Tatu, haina alteneta. Wala stata haina. Mota moja ndiyo inawasha injini na ndiyo inachaji. Ndio maana Kisasa Juu hakusikia kile kikohozi cha asubuhi akazima gari akidhani haijawaka.

#10 Mzee wa Chesisi

Sawa nimekubali la mkanda na la alteneta. La joto sijakubali.

#11 Volti 144

La joto uko sahihi, nikeli nayo haipendi joto. Nilikosoa lithiamu tu.

#12 Mama Pacha

Kaka Kisasa Juu pole na hongera. Mimi nina Prius mwaka wa nne sasa, nakaa Area C. Nikueleze kilichonipata nisikuache ukimbie bure.

Tulikuwa tunatoka Iringa, tunashuka Nyang'oro kuja Mtera. Mguu nimeutoa kabisa kwenye mafuta. Vijiti vikajaa vyote, na ghafla injini ikaanza kunguruma kama nimekanyaga hadi chini, na mimi sijagusa! Nilipaki pembeni natetemeka, wanangu wanalia. Nikampigia fundi Dar, akanicheka. Kumbe betri ikishajaa gari haina pa kuweka umeme wa mteremko, basi inaizungusha injini bila mafuta ili ikusaidie kushika mwendo. Akaniambia mteremko mrefu niweke B badala ya D. Tangu hapo nashuka milima kwa amani.

Kwa hiyo kunguruma peke yake sio lazima iwe ugonjwa. Ila hiyo ya kwako ni kinyume cha yangu, yangu ilijaa, yako iliisha. Hilo sijui nikudanganye.

#13 Pembetatu Nyekundu

Naona mnampa moyo sana. Mimi ngoja nimpe ukweli wangu.

Prius yangu ilianza hivyo hivyo. Vijiti vinapanda haraka, vinashuka haraka. Mnajua kwa nini? Betri ikichoka inakuwa kama jerikeni la lita ishirini lililojaa mchanga nusu. Linajaa upesi na linaisha upesi. Nikapuuza miezi mitatu. Siku moja Kibaigwa, dashibodi ikawasha pembetatu nyekundu, gari ikakosa nguvu, nikafika Dodoma kwa spidi 40. Mashine ikasoma P0A80, yaani betri kubwa imechoka. Tukafungua: vipande vinapimwa viwiliviwili, wenzie wote wako volti 15.8 na pea moja iko 13.1.

Fundi akabadilisha vile viwili. Miezi mitano, kikafa kingine. Tena kingine. Ni kama kuziba viraka shati lililooza, unashona hapa panachanika pale. Mwishowe nikaagiza seti nzima iliyotumika kutoka Dar, milioni 1.7 na ufundi. Mwaka wa pili huu inaenda.

Ushauri: waambie wakupunguzie milioni mbili, au ondoka.

#14 Tindo

Picha bado.

#15 Kisasa Juu

Nashukuruni wote. Picha dalali alikataa nisipige namba, nitaweka nikirudi.

Nyongeza: wanasema gari imetoka bandarini mwezi wa pili, imekaa yadi tangu hapo. Kila asubuhi kijana anaiwasha dakika tano halafu anazima. Kiyoyozi niliweka 18 maana ilikuwa saa nane mchana. Fundi Kompresa, gari haijawahi kutembea Dodoma na vioo vimefungwa muda wote, vumbi litaingiaje?

#16 Fundi Kompresa

Mkuu wewe unakaa Dodoma kweli? Hapa vumbi linaingia hadi kwenye friji.

#17 Mbuyu Mkavu

Mwezi wa pili hadi huu wa nane. Jibu ni hilo hapo, #15 kajijibu mwenyewe.

Betri ya nikeli ikikaa bila kazi inavuja chaji yenyewe, na kila kipande kinavuja kwa kasi yake. Baada ya nusu mwaka vinakuwa havilingani, kimoja kina shibe kingine kina njaa. Kompyuta ikiona mwenye njaa kafika chini inasema betri imeisha, ingawa wengine bado wana akiba. Dakika tano za kijana wa yadi hazisaidii kitu, pengine hapo hapo anazima kabla haijachaji. Gari hiyo inahitaji kutembezwa siku kadhaa, breki nyingi, kupanda na kushuka. Nimeona ya hivyo ikarudi kuwa nzima kabisa kwa kwenda Kondoa na kurudi.

Kwa hiyo Pembetatu Nyekundu usimtishe mwenzio. Kutolingana na kufa ni vitu viwili.

#18 Pembetatu Nyekundu

Na mimi nilisema hivyo hivyo miezi mitatu mkuu. "Italingana tu."

#19 Hesabu Kavu

Nyote mnaongea vijiti bila kuuliza kijiti kimoja ni umeme kiasi gani. Tupige hesabu.

Volti 144 mara ampea-saa 6.5 ni wati-saa 936. Betri nzima! Yaani pasi ya wati 1,000 ingeimaliza chini ya saa moja. Halafu kompyuta hairuhusu utumie yote, inaibakiza kati ya asilimia 40 na 80 hivi ili idumu. Kwa hiyo ulichonacho mkononi ni kama wati-saa 370. Vijiti vinne kati ya nane ni nusu ya hapo, 185 au pungufu.

Kompresa ya kiyoyozi kwenye hii gari inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, sio mkanda wa injini. Gari imelala juani, umeweka 18, saa nane mchana. Tuseme inavuta kilowati 2. Dakika tano ni wati-saa 167. Bado mota haijasaidia kupandisha kilima. Vijiti vinne viende wapi tena? Gari nzima hiyo, nunua.

#20 Volti 144

Hesabu nzuri mkuu ila umesahau injini. Kwenye kilima injini inawaka, na ikiwaka inalisha mota na kuchaji kwa pamoja. Betri haibebi mzigo peke yake. Kama vijiti vimeshuka na injini inafanya kazi, kuna kitu kinakula kuliko kawaida au betri inadaiwa kuliko uwezo wake.

#21 Hesabu Kavu

Inategemea alivyokanyaga. Ukikanyaga kwa fujo kwenye kilima, injini inatoa farasi 74 tu na mota inaombwa ijazie, inakula akiba badala ya kuchaji. Na mtu anayejaribu gari ya watu hakanyagi kistaarabu.

#22 Kisasa Juu

Nilikanyaga 😂

#23 Reli Kwanza

Mimi tangu treni ya umeme ianze kuja Dodoma 2024 gari naipaki. Dar unalala, unaamka umefika. Mnahangaika na vijiti.

#24 Nusu Tenki

Treni inafika Mtumba saa ngapi? Inapeleka watoto shule? Kaa pembeni mkuu.

#25 Dada wa Makole

Jamani ngojeni. Nimerudi kusoma #1 na #3 taratibu.

Fundi Kompresa anasema wavu wa kuvutia hewa uko pembeni ya kiti cha nyuma. Mleta uzi anasema mke wake alinunua "vitu vyake barabarani" HALAFU wakapanda kilima HALAFU feni ikavuma "hapa miguuni". Hivyo vitu alivyonunua aliviweka wapi?

Nauliza tu.

#26 Fundi Kompresa

Duh.

#27 Mama Pacha

Hahahaha Dada wa Makole wewe ni mpelelezi. Mimi mafundi wa Dar walinipa onyo hilo hilo, nyuma pale usiweke nguo, mkoba, wala kumlaza mtoto akaziba na blanketi. Betri inakosa pumzi.

#28 Kisasa Juu

Nimemuuliza sasa hivi. Amesema mkoba ulikuwa chini, ameubana kwa mguu kwenye kona ya kiti ili usidondoke kwenye kilima. Upande gani hakumbuki. Amekasirika, anasema kwa hiyo mimi ndio nimeharibu gari ya watu?

#29 Crown ni Dini

Shemeji njoo huku kwenye Crown, hakuna atakayekulaumu kwa mkoba.

#30 Pembetatu Nyekundu

Mkoba unaongeza joto, sikatai. Lakini dakika kumi za mkoba haziwezi kushusha vijiti vinne. Joto la betri halipandi kama la sufuria. Mnatafuta mtu wa kumlaumu ili gari ionekane nzima.

#31 Mbuyu Mkavu

Gari ilikuwa imelala juani tangu asubuhi, kumbuka. Betri ilianza ikiwa tayari na joto. Kompyuta ikiona joto inapunguza kasi ya kuchaji na kutoa. Mkoba ulikuja kumalizia.

#32 Tochi ya Gairo

Mimi nirudi kwenye wese maana ndilo lililomtoa nyumbani. Hiyo 21.4 ya kwenye kioo usiiamini moja kwa moja. Axio hii ilipotoka Japan 2013 kipimo chao rasmi cha JC08 kiliandika kilomita 33 kwa lita, kipimo cha maabara, hakuna kilima cha UDOM wala punda barabarani. Nawajua wenye nazo, mjini wanapata 18 hadi 22.

Jaza hadi bomba likate lenyewe, weka trip sifuri, tembea wiki, jaza pampu ile ile hadi ikate, gawanya. Hapo ndio ukweli.

Na kitu kingine, hizi gari zinapenda vijiji vya spidi 50. Dodoma kwenda Moro, Kibaigwa, Gairo, Dumila, pale sisi wengine tunapolaani trafiki wenye tochi, haibridi inaingia kijijini inachaji kwa kupunguza mwendo na inatembea kimya. Ukiitembeza 120 njia nzima faida nyingi inapotea, injini inafanya kazi kama gari nyingine yoyote.

#33 Boda wa Nanenane

Na hizo gari za kimya mtatuua. Juzi imenitokea nyuma kituoni, nimegeuka iko mita moja. Sisi tunaendesha kwa masikio wakuu.

#34 Mnada wa Msalato

Hakuna aliyegusa hizo kilomita 68,000. Axio nyingi Japan zilikuwa gari za kampuni, zinatembea. Gari ya miaka zaidi ya kumi na 68,000? Inawezekana, lakini kaangalie raba ya kanyagio la breki na ngozi ya usukani pale mikono inaposhika. Raba ikiwa imelika hadi chuma kinachungulia, mtu karudisha kilomita. Chukua namba ya chesisi, tafuta karatasi ya mnada wa Japan, zipo tovuti zinazouza kwa dola chache. Pale pana kilomita za siku ilipouzwa na daraja la gari. Na bei ya ushuru ingiza kwenye kikokotoo cha TRA ujue yadi wanakula ngapi.

Ila usitumie pedi za breki kupima umri. Kwenye haibridi hazichoki haraka, mota ndiyo inayosimamisha mara nyingi.

#35 Waya wa Chungwa

Mafundi mmesahau jambo moja. Sio kila fundi aguse hii gari. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme unaoua. Kuna plagi ya usalama lazima ichomolewe na usubiri dakika kumi kabla hujafungua chochote. Nimeona kijana anasafisha feni ya betri huku gari iko READY, nikaondoka sitaki kuwa shahidi.

Na lingine. Gereji moja hapa mjini (siitaji) walimwambia shangazi yangu betri kubwa imekufa, alete milioni nne. Gari ilikuwa haiwaki kabisa, kioo cheusi. Nikaenda na mita, betri ndogo ya volti 12 inasoma 9. Ile ndogo haiwashi injini, kazi yake kuamsha kompyuta, ila ikifa gari nzima ni chuma. Tukaweka mpya, ikawaka. Milioni nne ikawa laki na nusu.

Kisasa Juu, nunua kile kidude cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, weka programu ya Dr. Prius kwenye simu, nenda nacho. Unasoma kila pea ya vipande huku unaendesha. Zikiachana sana ukikanyaga mafuta, kimbia. Zikienda pamoja, nunua. Hapo hakuna mkoba wala jua la kusingizia.

#36 Mzee wa Chesisi

Naunga mkono #35. Na mimi nilikuwa sijui la dakika kumi.

#37 Kisasa Juu

Mrejesho wakuu. Nimerudi leo asubuhi saa mbili, kabla ya jua kali. Kidude nimeazima kwa jirani.

Nimeendesha njia ile ile, kiyoyozi 24, shemeji yenu kakaa nyuma mkoba umo mapajani kaukumbatia kama mtoto. Kilima kile kile. Safari hii tulianza na vijiti sita tukafika juu na vitatu. Feni iliwaka, ila baadaye sana, tukiwa tunashuka. Pea za vipande: nyingi ziko 15.6 mpaka 15.9. Moja, ya saba, nikikanyaga inashuka hadi 14.9, nikiachia inarudi kwa wenzake.

Wavu kweli una vumbi. Nimepitisha kidole kikawa chekundu. Raba ya kanyagio imelika upande mmoja, chuma hakijaonekana. Picha hizo hapo Tindo, ya tatu ni kidole changu.

#38 Pembetatu Nyekundu

Ya saba. Nilisema. Ndio inayoanza kufa.

#39 Mbuyu Mkavu

Inarudi kwa wenzake ukiachia. Hiyo ni njaa tu. Ipeleke Kondoa.

#40 Hesabu Kavu

Vimeshuka vijiti vitatu badala ya vinne kwa kiyoyozi 24 badala ya 18. Nawashukuru kwa kunithibitisha.

#41 Fundi Kompresa

KIDOLE CHEKUNDU. Jamani. Nani alisema vumbi haliingii?

#42 Volti 144

Pea ya saba iko karibu na katikati ya pakiti, ndipo panapopata joto zaidi na hewa kidogo. Inaweza kuwa Fundi na Pembetatu wote wana haki. Siwezi kukuapia.

#43 Tindo

Picha nimeziona. Gari nyeupe safi. Kidole pia kizuri.

#44 Kisasa Juu

Nimewapa 19.5 wamegoma, wamebaki 21 na feni wasafishe wao. Dalali anasema kuna mtu mwingine anaijia jioni. Kesho naenda kuongea nao tena.

#45 Nusu Tenki

Huyo "mtu mwingine wa jioni" anakuja kila yadi Tanzania nzima. Kaa na hela yako.

#46 Dada wa Makole

Bado hujajibu swali moja. Mkoba ulikuwa na nini hadi ukabanwa kwa mguu?

#47 Kisasa Juu

Zabibu kilo tatu na nusu. Alinunua pale chini kabla ya kilima.

#48 Zabibu Mbichi

Kilo bei gani sasa hivi hapo?

#49 Boda wa Nanenane

Na mimi nataka kujua.